Viatu Ndani ya Buti la Kobe

Wenzangu, nyumba ninayowaeleza ilikuwa na utulivu wa kutamanika. Jumamosi asubuhi cherehani ilikuwa imenyamaza, watoto wakigombania dirisha wamwone baba yao akiosha gari. Baba huyo alikuwa fundi wa majokofu. Mkewe alishona sare za shule, na mkono wake ulikuwa mwepesi mpaka sketi ikaisha kabla chai yake haijapoa. Gari lao lilikuwa kuukuu, limepauka, na majirani walilibatiza Kobe. Lakini Kobe huyo ndiye aliyempeleka fundi kazini, na ndiye aliyeleta chakula mezani.

Mshonaji alitoka na kitambaa kikavu amsaidie mumewe kufuta vioo. Mume alikuwa amekwenda bombani kujaza ndoo, na buti lilikuwa wazi. Nyuma ya sanduku la vifaa vya kazi akaona begi jeusi, kubwa, ambalo hakuwahi kuliona. Akafungua zipu.

Juu kulikuwa na shuka zito lililokunjwa vizuri. Halafu maji, soda mbili, biskuti, tochi. Pembeni, ndani ya mfuko wa nailoni, viatu vya kike vya kahawia, vya chini, vipya. Chini kabisa kulikuwa na vyuma na vitu vingine vyekundu, lakini siku hiyo macho yake yalichagua cha kuona.

Akafunga zipu. Mume aliporudi, mkewe akamuuliza kwa sauti ya utani mbona amechelewa, au bomba nalo lina mke. Fundi akacheka. Yeye hakucheka.

Msidhani wivu huo ulizaliwa asubuhi ile. Miezi michache nyuma, Kobe alipata pancha mbali na mji, fundi akiwa na karani wa duka la vipuri. Hawakuwa hata na jeki. Karani alivua viatu vyake vya visigino virefu akatembea peku kwenye kokoto mpaka nyayo zikachubuka. Fundi alirudi akamsimulia mkewe yote wakiwa mezani, namna magari yalivyowapita, namna alivyojiona mjinga. Mkewe alisikia jambo moja tu.

"Alikaa mbele au nyuma?"

"Mbele."

"Kwenye kiti changu."

Tangu hapo fundi hakuleta tena habari za barabarani nyumbani. Na mshonaji alianza kuvaa visigino hata akienda dukani kununua uzi, kama karani tu. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na nundu tangu pasi ilipomwangukia utotoni, na kila kiatu kilimfinya, lakini alivumilia. Mumewe alimwona akichechemea jioni akiingia ndani.

Basi siku ile, fundi alipoingia kuoga, mshonaji alilibeba begi zima akalificha chini ya vitambaa vya sare. Kisha akamwita shoga yake, muuza mayai wa nyumba ya pili, mwanamke ambaye habari ikifika kwake haikai chini. Walifunga pazia, wakatoa vitu vya juu kimoja kimoja.

"Shuka, shoga yangu," muuza mayai alisema. "Gari nalo linasikia baridi?"

Mshonaji alilitupa shuka kando.

"Na soda ni mbili. Angekuwa na kiu peke yake ingekuwa moja."

Wakazinywa hizo soda. Biskuti nazo wakazila, kwa hasira ya pamoja, makombo yakaangukia zulia. Halafu wakavichunguza viatu. Kiatu cha kushoto kilikuwa na jambo. Mkanda wake ulikuwa umefumuliwa, ukaongezwa kipande cha ngozi, ukashonwa upya kwa mkono. Mshonaji alijua mshono mzuri akiuona, na huo ulikuwa mzuri, jambo lililomuumiza zaidi. Kumbe huyo mwanamke anashughulikiwa mpaka mkanda wa kiatu.

"Ana mguu kama kinu," alisema.

Muuza mayai akamwambia avijaribu, wapate kujua saizi ya adui. Mshonaji alivisukuma mbali. "Nitie mguu wangu alipotia yeye? Bora nitembee peku."

Usiku alimwambia mumewe kwamba kesho anataka waende kwa shangazi yake, na mama atakwenda nao. Mama huyo, mzazi wa mshonaji, aliishi nao na alikuwa mgonjwa wa sukari. Shangazi ndiye aliyekuwa akiamua kesi za ukoo. Mshonaji alikuwa ameshapanga yote kichwani. Angengoja watu wamekaa, kisha angevitoa viatu kwenye mkoba wake na kuviweka mezani mbele ya kila mtu. Begi lenyewe alilibakiza nyumbani, maana lisingeingia mkobani.

Asubuhi fundi alitaka kufungua buti. Kwa safari ndefu hakuwa akiondoka bila kutazama nyuma. Mkewe akabonyeza honi.

"Ngoja nitazame vitu, mama watoto."

"Umeficha nini huko nyuma?"

Fundi aliondoa mkono juu ya buti. Kisha akaja akakaa kwenye usukani. Mama alikuwa amemeza dawa zake za sukari na kunywa chai nusu kikombe, akisema atakula vizuri akifika kwa wifi yake. Watoto walibaki kwa muuza mayai.

Walikwenda vizuri mpaka nyumba zikaanza kuwa chache. Kwenye kona moja kali tairi la nyuma likapasuka. Upande mmoja kulikuwa na mtaro wenye kina kirefu, kwa hiyo Kobe alisimama nusu yake barabarani. Fundi hakuonyesha wasiwasi. Alisema dakika chache tu, akaenda nyuma, akafungua buti. Mshonaji, aliyekaa mbele, alimsikia akisogeza sanduku la vifaa.

"Mama watoto, kulikuwa na begi humu."

Mkewe alitazama mbele tu. Tairi la akiba lilikuwepo, limejaa upepo, lakini bila jeki na spana ya magurudumu tairi hilo lilikuwa mzigo. Fundi alivunja matawi akayapanga barabarani nyuma ya gari, maana zile pembetatu nyekundu za kuonya madereva zilikuwa zimelala chini ya vitambaa vya sare. Akampigia simu fundi wa magari wanayemfahamu, naye akasema yuko mbali, wamsubiri mpaka mchana.

Hapo ndipo mama alipoanza kutokwa na jasho. Mikono ikatetemeka. Akamwita binti yake kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani, akamwomba afunge mlango kuku wasiingie.

"Sukari imeshuka," fundi alisema. "Mpe soda iliyo kwenye..." Akakatisha. Akamtazama mkewe usoni, na safari hii mkewe hakuweza kutazama pembeni.

"Tuliinywa," alisema. "Mimi na shoga. Begi liko nyumbani. Nililitoa mimi."

Fundi hakufoka, na afadhali angefoka. Alimwambia kwamba yeye hawezi kuondoka, kwa sababu gari linalokuja kwa kasi kwenye kona litamkuta mama ndani, na mama sasa hawezi kushuka. Ng'ambo ya shamba kulikuwa na mapaa ya nyumba. Akataka mkewe amlaze mama kwa ubavu, aende yeye, aombe sukari, akimbie.

Mshonaji alikimbia na mkoba wake begani. Kokoto na visigino havipatani, na kabla ya kufika katikati ya shamba kifundo kilipinda, akaanguka. Akavivua, akajaribu peku. Miiba ikamwambia arudi. Nyuma yake alimwona mumewe amevua shati, analipunga juu kwenye kona. Akafungua mkoba akavitoa viatu vya adui.

Cha kulia kiliingia. Cha kushoto kiliingia pia, na ule mkanda ulioongezwa ukapita juu ya nundu yake bila kuigusa, kama vile mtu alikesha akiipima.

Wenzangu, hakuna mguu mwingine duniani wenye nundu pale. Alikaa chini kiasi cha pumzi moja, akavitazama. Halafu akainuka akakimbia, akilia kwa sauti, na viatu havikumfinya popote.

Mwanamke wa nyumba ya kwanza hakuuliza maswali. Alikoroga sukari nyingi kwenye chupa ya maji, akamkabidhi. Mshonaji alipokuwa akirudi alisikia breki za lori zikilia kwenye kona, akaongeza mbio. Lori lilikuwa limesimama hatua chache kutoka kwa fundi na shati lake. Dereva wake alishuka akitukana, akamwona mama, akaacha kutukana, akaenda kuchukua jeki yake.

Walimnywesha mama taratibu, maana alikuwa bado anameza. Baada ya muda alifumbua macho vizuri, akamwita binti yake kwa jina lake. Kisha akaiona miguu ya binti huyo.

"Hivyo viatu vimekukaa, mwanangu. Vilinunuliwa wapi?"

Mshonaji alimtazama mumewe, aliyekuwa akikaza tairi. Naye alijibu bila kuinua kichwa kwamba alimwona mke wake akichechemea, na alikwisha kumwona mtu akitembea peku kwenye kokoto. Angemwambia, lakini habari za barabarani ndani ya nyumba yake zilikuwa na ushuru mkubwa.

Hawakufika kwa shangazi. Waligeuza gari. Mshonaji alimwachia mama kiti cha mbele, akakaa nyuma, na njia nzima viatu havikutoka mguuni. Muuza mayai alikuwa mlangoni akingoja habari ya kesi. Aliviona viatu, akafungua mdomo.

"Ni vyangu," mshonaji alisema, akaingia ndani kulitoa begi.

FUNZO

Ndugu zangu, gari halichagui mahali pa kuharibikia. Wekeni jeki, spana, pembetatu za kuonya, tochi, maji na shuka, na kitu kitamu kama mna mgonjwa wa sukari. Tairi la akiba lipimwe upepo. Tazameni vyote kabla ya kuondoka, hata kama kuna mtu anapiga honi.

Nanyi waume, begi linalojulikana na mmoja tu ni siri, na siri huwatia watu mawazo. Lifungueni mbele ya wake zenu, muwaonyeshe kila kitu na kazi yake. Mkifokewa, semeni hivyo hivyo.

Na wewe unayeumwa na wivu, uliza kwanza. Mshonaji alikuwa na swali moja tu la kuuliza pale kwenye buti, akalimeza, na nusura limuulie mama.