Upande wa Pili wa Pezi

Rafiki yangu Zephaniah ni mhandisi, na porojo za mizimu humchosha kama zinavyonichosha mimi. Yeye na mkewe Nyambura wanaishi kwenye boti, huko Edmonton. Desemba iliyopita pezi la alumini lililo chini ya injini inayoning'inia nyuma ya boti liligonga jiwe likavunjika, na kesho yake walitakiwa wawe wamehamisha boti, la sivyo wapoteze kibali cha kukaa mtoni.

Zephaniah akachomelea kipande kipya, akakipiga tupa upande mmoja mpaka ukalainika. Saa kumi jioni, kama kawaida ya majira ya baridi huko, giza likaingia. Akaishusha injini majini wezi wasiione, akaingia ndani na tupa yake.

"Baba Ryan, hebu acha hiyo tupa!" Nyambura akafoka akiwa jikoni. "Inaniumiza meno, na chai inapoa."

"Mama Ryan, mimi niko hapa nyuma yako."

Nyambura akageuka, akamwona ananawa mikono. Tupa ilikuwa mezani. Chini ya sakafu, majini, sauti ikaendelea taratibu: kwaru, kwaru, kwaru. Kisha ikanyamaza.

Zephaniah akatoka na tochi, akainua injini. Upande wa pili wa pezi, aliouacha na vinundu vya kuchomelea, ulikuwa laini kabisa. Akaugusa. Maji yalikuwa baridi kama barafu, lakini alumini ilikuwa bado ya moto.