Sijamwona, Sijasema Hayupo

— Sema tu unaamini, yaishe!

Kitinda alikuwa kwenye kona ya maabara, simu sikioni, glavu mkono mmoja. Tangu asubuhi hakai, hasimami. Jioni hiyo mchumba wake, fundi majokofu, angeketi mbele ya baba, na baba alishaapa kwamba mtu anayemkana Mungu hamwozeshi binti yake. Na aliyepeleka umbea nyumbani ni nani? Kitinda mwenyewe, kwa mdomo wake!

— Nianze ukwe kwa uongo? Fundi akauliza.

— Uongo mdogo tu, jamani!

— Halafu mimi nilisema lini kwamba hayupo? Nilikwambia sina imani. Naitafuta moyoni, siioni.

— Si yale yale?

— Hata wewe, Dokta wangu wa maabara? Fundi akakata simu.

Kitinda akarudi kwenye hadubini kwa hasira. Damu ya mgonjwa mwenye homa. Akatazama huku na huku, hakuona kitu. Akaandika kama anavyoandika kila siku: vimelea havikuonekana. Kuandika "hana malaria" ni mwiko, walifundishwa hivyo tangu chuoni. Kalamu ikamponyoka.

Akatuma ujumbe: "Nisamehe mpenzi. Usidanganye. Nimekosea mimi."

Jibu likaja: "Niko njiani."

Jioni sebuleni, baba hakugusa chai.

— Kijana, unasema hakuna Mungu?

— Hapana, baba.

— Kwa hiyo unamwamini?

— Hapana, baba.

— Unanichezea akili!

— Baba, ni mimi niliyekosea! Kitinda akasimama. Huyu hakusema Mungu hayupo. Hata mimi kazini nisipoona vimelea, sisemi havipo. Nasema sijaviona.

— Mungu si malaria! Baba akafoka. Anayekana na asiyeamini, wote wako nje ya mlango. Posa imekufa!

Fundi akainuka, machozi yakimlengalenga.

— Asante kwa kunisikiliza, baba. Nampenda binti yako. Ningeweza kukudanganya, nimeshindwa.

— Kaa chini, mwanangu.

Aliyesema ni mama, aliyeketi kando ya mumewe.

— Mume wangu, tulipomzika kifungua mimba wetu, uliomba usiku na mchana. Nilikuwa pembeni yako nimefumba macho. Unajua nilikuwa naamini nini?

— Nini?

— Sikuamini chochote. Sikumkana Mungu, wala sikumkasirikia. Moyoni palikuwa patupu tu.

Baba akamtazama kama mgeni.

— Miaka yote hii hukuniambia?

— Ungenifukuza, kama unavyomfukuza huyu. Yeye amekwambia ukweli siku ya kwanza. Mimi niliogopa.

Kitinda alitaka kumkumbatia mama, akashindwa hata kunyanyua mkono. Baba akajifuta uso kwa kiganja, akamgeukia Fundi.

— Nikiomba humu ndani, utatoka nje?

— Nitakaa, baba.

— Utafumba macho?

— Nitakaa macho wazi. Sitaigiza.

Mzee akashusha pumzi ndefu.

— Basi kaa. Siku ya harusi mtapanga na mama yenu.

Kitinda akaangua kilio cha furaha mbele za watu, aibu akaisahau. Lakini baba alikuwa anamtazama mkewe.

— Na wewe, mama watoto... imani yako ilirudi lini?

Mama akamsogezea kikombe.

— Kuna siku inarudi. Siku nyingine nakaa tu na wewe.