Pamba Tupu ya Mama Mkwe

"Unaangalia shati au unatafuta ugomvi?" fundi alimuuliza bwana aliyegeuza kola kabla hata ya kusalimu.

Ukumbi wa maonyesho ya nguo ulifurika watu, na huyu, suruali yake imepigwa pasi ikanyooka, alikuwa amezama kwenye lebo.

"Natafuta ukweli, dada. Mimi mkaguzi wa lebo."

Lebo ilisema: Mabaki ya vitambaa, nyuzi hazijulikani. Mkaguzi akacheka kwa furaha. Mafundi wengine ukumbini, waliogeuza nguo kuukuu kuwa mpya kama yeye, waliandika pamba kila mahali, hata pazia likawa pamba. Kanuni yenyewe haikuwa ngumu: usichokijua, andika hukijui.

"Wewe ndiye mkweli pekee humu ndani."

"Na wewe ndiye mteja pekee asiyenunua."

Akanunua. Akaondoka na namba ya simu pia, na tangu hapo simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula uzi."

"Nikuletee chakula?"

"Jilete mwenyewe."

Watu wazima na akili zao, wamelewa mapenzi!

Mama yake mkaguzi alikuwa na ngozi isiyopatana na poliesta. Kwake ni pamba tu. Fundi akaamua kumshonea gauni. Alikuwa na mashuka ya samawati yaliyotupwa na nyumba ya wageni, laini, lebo zake zimefutika maandishi. Gauni likatoka la kupendeza, mikono mipana, marinda kifuani. Ilipofika zamu ya lebo, mkono ukasita. Amwambie mama mkwe mtarajiwa kwamba amemvika mabaki, tena yasiyojulikana? Akaandika: Pamba tupu.

Mama alilivaa kwenye harusi ya mpwa wake, akamringia kila mtu. Kesho yake mkaguzi alipiga simu.

"Mama ametoka vipele shingo nzima. Anasema ni sabuni mpya. Ila gauni lako, mpenzi, analisifu mpaka tumechoka!"

Fundi alikata simu. Alichomoa uzi kwenye kipande kilichobaki, akauwasha kwa kiberiti. Pamba ingeungua ikawa majivu. Huu uliyeyuka, ukaganda kuwa kitone cheusi kigumu: poliesta. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Simu zikalia, hakupokea. Wiki ikapita. Mwishowe ukaja ujumbe: "Kama umepata mwingine, sema tu."

Hapo alijikaza, akaenda kwao mkaguzi. Mama alikuwa sebuleni na mwanawe, shingo imepakwa dawa. Fundi hakuweza kumtazama yeyote.

"Shikamoo, mama. Si sabuni. Ni gauni langu. Sikukijua kile kitambaa, nikaandika pamba."

"Marahaba, mwanangu. Nilianza kujikuna hata kabla ya bibi harusi kuingia," mama alisema taratibu. "Nikasingizia sabuni, nisikuaibishe."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkaguzi alisimama, uso umekunjamana.

"Na nguo unazouza?"

"Zote zina lebo za kweli. Ni hili moja tu."

"Kwa hiyo watu baki unawaambia ukweli, sisi unatudanganya?"

"Watu baki siogopi kuwakosa," fundi alisema, machozi yakimdondoka.

Uso wa mkaguzi ukakunjuka. Kisha akamvutia kiti, akakiweka karibu na chake.