Folda Iliyovuka Mpaka

Jumatatu hiyo ofisi ya mawakala wa forodha, upande wa Uganda wa Busia, ilijaa watu hadi mlangoni. Madereva walidai hati zao kwa kelele. Roselyn, ndani ya gauni la kitenge cha manjano, aliinamia kompyuta kuukuu akijaribu kwa mara ya tatu kuiwekea programu yake. Kila alipoinakili, antivairasi iliifuta.

"Madamu, hiyo kitu yako imekimbia tena," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililonyooka kwa pasi, kalamu mbili mfukoni.

"Haijakimbia, imefutwa. Mashine yenu inadhani ni virusi."

"Na si virusi?"

"Mimi nafanana na mtu wa kuleta virusi?"

"Sijui. Lakini tangu umeingia hapa, mimi nasikia homa."

Madereva waliangua kicheko. Roselyn alijikaza asicheke, akashindwa. Kijana aliitwa Etyang, wakala, mzaliwa wa Kwapa kule Tororo.

Programu hiyo Roselyn aliiandika kwa miaka miwili, chumbani kwake upande wa Kenya, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Ilikokotoa ushuru na kujaza fomu za mzigo kwa dakika tatu. Ubaya wa lugha za aina hiyo ni kwamba unachomkabidhi mteja ndicho kile kile ulichoandika: akifungua faili anasoma kila mstari, na akitaka anafuta jina lako anaweka lake. Kwa hiyo Roselyn alikuwa akiifungasha yote kuwa faili moja isiyosomeka kwa urahisi. Na faili hiyo ndiyo antivairasi ilikuwa ikiichukia.

Kufikia saa saba alikuwa amechoka. Aliweka folda nzima, msimbo, yaani mistari yote aliyoandika, ukiwa wazi, kwenye flashi ya Etyang.

"Ni ya wiki moja tu, mpaka nipate dawa. Usimpe mtu."

"Nitailinda kama macho yangu. Na nambari ya simu ya daktari mwenyewe?"

Wiki moja ikawa miezi minne. Dawa haikupatikana, lakini simu hazikukatika.

"Umekula, fundi wangu?"

"Bado. Naandika."

"Hiyo kompyuta siku moja nitaioa mimi, nikuache wewe na wivu."

Katika mwezi huo wa nne wa simu Etyang alimwambia kwamba mama yake, kule Kwapa, ameuliza ataletewa lini huyo Mkenya. Wakakubaliana Jumamosi ya pili.

Jumanne kabla ya Jumamosi hiyo Roselyn aliitwa Malaba, mji mwingine wa mpakani, kutengeneza programu iliyokuwa ikikwama. Iliitwa Pita Haraka. Alipoifungua akaona mistari yake mwenyewe, hata zile kumbukumbu ndogo alizojiandikia pembeni. Jina lake tu ndilo lililokuwa limefutwa.

"Mmeipata wapi?"

"Iko kila mahali, dada. Hata wewe tukuwekee?"

Alinakili folda ile kama ilivyo, akatoka nje kati ya foleni ya malori, akapiga simu.

"Etyang, msimbo ulio wazi nilimpa mtu mmoja tu duniani. Ni nani?"

"Ni mimi. Kwani nini, dia?"

"Usiniite dia. Unauzwa Malaba."

"Rose, mimi sikuuza. Sikumpa mtu."

"Basi ulitembea wenyewe? Jumamosi sitakuja. Mwambie mama yako unavyotaka."

"Nimwambie umeniita mwizi?"

Roselyn alikata simu.

Siku tatu hakulala vizuri. Hasira ilikuwa na pande nyingi: antivairasi, Etyang, kazi ya miaka miwili iliyokuwa ikigawiwa kama karanga. Ijumaa aliacha kulia akafanya kile alichopaswa kufanya Jumanne. Programu yake iliandika, ndani ya folda, jina la kila mashine iliyowahi kuifungua, pamoja na siku na saa. Aliifungua orodha hiyo katika nakala ya Malaba. Ya kwanza, baada ya yake mwenyewe, ofisi ya Etyang. Ya pili, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi: mashine ya Omoding, wakala wa upande wa Kenya.

Alitafuta tarehe hiyo kwenye simu yake. Asubuhi ile mtandao ulikatika upande wa Uganda. Ujumbe ulikuwepo, na aliyeutuma ni yeye: "Vuka na flashi, fungulia kwa Omoding. Usiogope."

Alimpigia Omoding.

"Mimi nilijua ni ya wote, dada. Jamaa alienda kugonga muhuri, flashi ikabaki, nikajipa, nikagawia na wenzangu."

"Kwa nini hakuichomoa?"

"Utachomoaje flashi yako kwa mashine ya mwenzako ukienda tu hapo nje? Si hiyo ni kumwambia ni mwizi?"

Hilo kila wakala wa mpakani alilijua. Roselyn, aliyejua kila mstari wa programu ile, hakuwahi kuliuliza.

Jumamosi alivaa gauni la bluu la kanisani, akachukua bodaboda hadi Kwapa. Etyang alikuwa uani, mikono kifuani. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Mama yake alikuwa mkekani akimenya karanga.

"Etyang, naomba..."

"Mimi hapana. Ambia mama. Yeye ndiye alichinja kuku jana, ndipo nikamwambia mgeni haji."

Roselyn alipiga magoti.

"Mama, nilimwita mtoto wako mwizi. Hakuiba. Kitu changu kilichukuliwa mahali nilipomtuma mimi mwenyewe, na sikuangalia kabla ya kusema."

"Na hiyo kitu, itarudi?"

"Hairudi, mama. Wanayo wengi. Nitaandika nyingine, hesabu zikae kwenye mashine yangu, watu wapewe majibu tu."

"Itachukua siku ngapi?"

"Labda mwaka."

Mama alisogeza ungo wa karanga katikati yao.

"Basi menya. Kuku ilishaliwa."

Roselyn alikaa, akaanza kumenya. Kisha Etyang aliketi upande wa pili wa ungo, akachota karanga kiganjani.

"Siku nyingine utaniuliza kwanza?"

"Nitauliza."

"Na mimi nitachomoa flashi," alisema. "Wakasirike."