Adapta Mbili Zilizofanana

Kila alipotoka shule, kabla hata ya kuvua sweta lake jekundu, Kwandu alikagua nyumba kama meneja. Aliangalia umeme uliobaki kwenye mita, akaingiza namba mpya kama mama alishazinunua. Alimtafutia Bibi Nyanjige chaneli ya kwaya kwenye king'amuzi. Kisha alifuta meseji za matangazo zilizojaa kwenye simu ya mama. Alikuwa msichana wa darasa la sita tu, lakini pale nyumbani kwao Bariadi kila mtu alimwita Fundi, naye jina hilo lilimkaa vizuri kuliko sare ya shule.

Ndiyo maana alishtuka siku baba yake, Mzee Maduhu, alipoingia na boksi jipya huku nyuma yake akifuatwa na Muzdalifa.

Muzdalifa alikuwa mtoto wa Mzee Abubakari, mwenye duka la simu pale sokoni. Darasani alikaa dawati moja na Kwandu, na walikuwa wakigawana penseli na karanga. Lakini siku hiyo Kwandu alimtazama kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Nimeleta rauta ya intaneti," baba alisema. "Dada yako Justina ana usaili Jumamosi saa nne. Hospitali inamhoji kwa video, na mtandao wa simu yake unakatika kila dakika. Muzdalifa atatufungia. Baba yake anasema anajua kazi hii."

Justina, dada mkubwa, alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi, na tangu hapo alikaa nyumbani akisubiri kazi. Maombi yake yote hayakuwahi kujibiwa. Usaili huu ndio wa kwanza kuitwa, na tayari alishaazima kompyuta kwa rafiki yake Nancy.

"Na mimi je?" Kwandu aliuliza.

"Wewe utamshikia boksi," baba alijibu bila kufikiri, akatoka nje kunawa.

Kwandu alishika boksi. Muzdalifa alichomeka laini kwenye rauta, akaiweka dirishani upande wa mnara wa simu, akaunganisha adapta yake nyeusi kwenye waya wa soketi uliokuwa nyuma ya televisheni. Alisubiri taa zote ziwe za kijani. Halafu akaingia kwenye ukurasa wa rauta kwa simu ya Justina, akaipa jina, akaweka neno la siri. Muda si muda Justina alikuwa akiongea na Nancy kwa video, sura haikwami wala sauti haikatiki.

"Huyu mtoto ana kichwa," baba alisema.

Bibi Nyanjige naye akaingia chumbani kwake, akatoka na bakuli la matobolwa. Viazi vile vitamu, vilivyochemshwa na kukaushwa juani, vilitoka kwa shangazi kule Lalago, na Bibi alikuwa ameahidi kumwekea Kwandu. "Kula, ng'wanone," alimwambia Muzdalifa. "Mtoto wangu, umetufaa."

Muzdalifa alimega kipande, akamnyooshea Kwandu kingine. "Chukua."

"Nimeshiba," Kwandu alisema. Hakuwa amekula chochote tangu mchana. Wivu ndio uliokuwa umemjaa hadi kooni, na wivu haushibishi mtu.

Tangu siku hiyo Kwandu hakugusa ile intaneti. Mama alipomwambia aombe neno la siri, alijibu kwamba hana shida nalo. Shuleni alisogea mwisho wa dawati hadi akakaribia kuanguka. Muzdalifa alipomuuliza kama amemkosea, alisema anaumwa kichwa.

Alhamisi jioni mawingu yalijikusanya kutoka upande wa ziwa, na radi ikaanza kunguruma. Mle ndani kila mtu alijua zamu yake. Bibi alifunika kioo cha kabati kwa kitenge, kwa maana kwao kioo hakiachwi wazi radi inapopiga. Kwandu kazi yake ilikuwa kuchomoa vitu vyote vya umeme.

"Na vua hilo sweta jekundu," Bibi alisema. "Unataka radi ikufuate humu ndani?"

Kwandu alivua sweta na kuchomoa kila kitu. Mvua ilipokatika alirudishia. Adapta ya king'amuzi na ya rauta zote zilikuwa nyeusi, zote na ncha ya duara, zimelala sakafuni kama mapacha. Kwa vitu vingine alikuwa mwangalifu. Lakini ile rauta hata kuitazama hakutaka, kwa hiyo alichukua adapta iliyomjia mkononi, akaichomeka, iliyobaki akaipa king'amuzi, akaenda zake.

Jioni ile Justina alikaa kufanya mazoezi ya usaili na Nancy. Mara video ikakatika. Taa za rauta zilizima, zikawaka, zikakaa kidogo, zikazima tena. Kila mtu alipojiunga, rauta ilizima.

"Imekuwaje tena?" Justina aliuliza.

"Pengine yule mtoto hakuifunga vizuri," baba alisema. "Na sisi tulikimbilia kumsifu."

Kwandu aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Hakutaka waone anavyotabasamu.

Wenzake walipokwenda jikoni kula, alibaki sebuleni. Aligeuza rauta, akasoma maandishi madogo kwenye kitako chake: 12V, 2A. Akafuata waya hadi kwenye adapta: 12V, 1A. Adapta ya pili, iliyokuwa kwenye king'amuzi, ndiyo iliyoandikwa 2A. Hapo akaelewa. Rauta ilikuwa imepewa adapta isiyo na nguvu ya kutosha, ndiyo maana iliwaka vizuri ikiwa haina kazi, na kuzima ilipoanza kutumika. King'amuzi chenyewe kilipewa adapta yenye nguvu zaidi ya mahitaji yake, hivyo kilikuwa kinaimba kwaya bila wasiwasi.

Na aliyezibadilisha ni yeye mwenyewe.

Alinyoosha mkono kuzirudisha. Wakati huohuo alimsikia baba akisema kule jikoni, "Kesho aitwe Muzdalifa aje aone alichokifanya." Mkono wa Kwandu ukarudi. Acha aje, aliwaza. Acha na yeye aonekane hajui, mara moja tu. Akishaondoka nitazirudisha, na Fundi nitakuwa mimi.

Ijumaa baada ya shule Muzdalifa alikuja. Alitoa laini, akaifuta kwa upindo wa hijabu, akairudisha. Alisogeza rauta dirisha jingine. Mwishowe alichomoa pini ya hijabu yake, akaibonyeza kwenye kitundu kidogo cha nyuma ili rauta ianze upya, akaweka tena jina na neno la siri. Taa ziliwaka kijani, Justina akajiunga, na rauta ikazima.

"Hebu njoo tuangalie wote, Kwandu," Muzdalifa alisema. Jasho lilimtoka puani. "Wewe una jicho zuri."

"Mimi si fundi," Kwandu alijibu. "Fundi ni wewe."

Muzdalifa alijaribu tena. Baba alimwambia kwa upole, "Basi, mwanangu. Iache, usije ukaiharibu zaidi." Maneno yalikuwa ya upole, lakini Muzdalifa aliondoka ameinamisha kichwa, bila hata kumuaga Bibi.

Kwandu alisubiri sebule iwe tupu arudishie adapta. Haikuwa tupu. Baba alichomoa rauta pamoja na ile adapta iliyokuwa nayo, akavitia kwenye boksi, akavipeleka dukani kwa Mzee Abubakari ili viangaliwe asubuhi. Mlango ulipofungwa nyuma yake, Kwandu alikaa chini. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na wa kwake ulikuwa umeondoka na boksi.

Jumamosi asubuhi Justina alivaa blauzi nyeupe aliyoipiga pasi mara mbili. Mama alipangusa meza ambayo ilikuwa safi tayari. Simu ikalia. Alikuwa baba, akipiga kutoka dukani, na mama akaweka sauti juu ili wote wasikie.

"Mzee Abubakari ameijaribu mwenyewe, hadi amefuta mipangilio yote, inazimazima tu," baba alisema. "Anasema bintiye ndiye aliyeiharibu kwa kubonyezabonyeza. Amemkataza asiguse tena kitu cha mteja. Mtoto analia hapa."

Mama alikata simu. Justina aliitazama saa ya ukutani, kisha simu yake ya zamani. "Nitatumia hii," alisema. "Ikikatika, ikatike. Nimeshazoea kukosa."

Halafu akamgeukia mdogo wake. "Fundi, na wewe huna la kufanya?"

Kwandu alikuwa akilisubiri jina hilo siku zote hizo. Sasa lilipomfikia lilimchoma. Alimwona dada yake na kola yake iliyonyooka, akamfikiria Muzdalifa analia mbele ya wateja, na hapo alijiona mbaya kuliko alivyowahi kujiona. Alikwenda nyuma ya televisheni, akaichomoa adapta ya king'amuzi. Kwaya ya Bibi ikanyamaza katikati ya wimbo.

"Kwandu, unafanya nini?" Bibi aliuliza.

Kwandu alichomoka mlangoni. Alishakuwa barabarani, anakimbia kuelekea sokoni na adapta mkononi, waya ukiburuzika nyuma yake.

Dukani alimkuta baba amesimama mbele ya kaunta, Mzee Abubakari amekunja uso, na Muzdalifa amekaa kwenye kigoda kwenye kona, macho mekundu. Kwandu alihema, akamsalimia Mzee Abubakari, "Shikamoo, baba," kisha akaweka adapta juu ya kaunta.

"Rauta ni nzima," alisema. "Adapta yake ni hii. Hiyo mliyo nayo ni ya king'amuzi. Nilizibadilisha mimi siku ya radi. Ilikuwa bahati mbaya, lakini jioni ileile niligundua, nikanyamaza. Muzdalifa hajaharibu kitu."

Mzee Abubakari alilinganisha namba, akachomeka adapta sahihi. Taa zikawaka kijani. Alijiunga kwa simu zake mbili na ya baba, na rauta haikuzima. Alikohoa, akamgeukia bintiye. "Mama, nisamehe. Nimekufokea mbele za watu, na mbele za watu nasema sikuwa na haki." Muzdalifa alifuta macho kwa kiganja.

Baba hakufoka. Alimtazama Kwandu kwa muda, na kutazamwa kule kulimuuma kuliko kiboko. "Ulimwacha dada yako afike hapa?" aliuliza. "Tutaongea. Sasa hivi turudi nyumbani."

"Baba, mipangilio yote imefutika," Kwandu alisema. "Haina tena jina letu wala neno letu la siri. Mimi sijui kuiweka." Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka neno sijui. Akamsogelea rafiki yake. "Muzdalifa, naomba twende wote. Najua sistahili kukuomba."

Muzdalifa aliitazama rauta. Kisha akasimama, akaibana hijabu yake kwa pini. "Twende," alisema. "Dada Justina hana kosa."

Walipakiana kwenye pikipiki ya baba, boksi likiwa mapajani mwa Kwandu. Walipofika, saa nne ilikuwa inakaribia. Muzdalifa alifanya kazi haraka, Kwandu akimsomea namba za kitako cha rauta. Saa nne ilipogonga, mlango wa sebule ulifungwa na sauti ya Justina ikasikika ikisema, "Habari za asubuhi, naitwa Justina Maduhu." Haikukatika hata mara moja.

Nje, kwenye ngazi, wasichana wawili walikaa. Muzdalifa ndiye aliyeanza.

"Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Nilikuonea wivu. Baba alikusifu, Bibi akakupa matobolwa yangu."

"Nilikupa, ukakataa."

"Najua. Ndiyo maana niliumia zaidi."

Muzdalifa aliguna, karibu acheke. "Na mimi nilipaswa kusoma adapta kwanza. Nilijiamini kwa sababu niliifunga mwenyewe." Akamgeukia. "Lakini jana uliniona nataabika, ukaniambia, 'Fundi ni wewe.' Hilo bado linaniuma."

"Najua," Kwandu alisema. "Jumatatu nitawaambia na wenzetu darasani kwamba kosa lilikuwa langu, wakianza kukusema."

Justina alitoka akiwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Waliomhoji, alisema, walimwambia wamemsikia vizuri sana, na watampigia wiki ijayo. Mama alimkumbatia, akaanza kulia hapohapo. Kwandu alimwomba dada yake msamaha mbele ya wote, na Justina akamjibu, "Nimekusamehe, lakini usinifanyie tena mchezo huo."

Alasiri mawingu yalirudi. Bibi alichukua kitenge akafunika kioo, Kwandu akachomoa nyaya. Safari hii Muzdalifa alikata vipande viwili vya plasta ya kidonda, akavibandika kwenye adapta, na Kwandu akaandika: kimoja RAUTA, kingine KING'AMUZI. Waliziweka mbalimbali juu ya kabati wakasubiri mvua ipite.

Bibi Nyanjige alileta bakuli la matobolwa, akaliweka katikati yao.

"Nimekaa na ng'ombe maisha yangu yote," alisema, "nikaona jambo moja. Ng'ombe wa jirani akinenepa, wako hakondi kwa sababu hiyo. Anakonda yule mwenye ng'ombe, kwa kuchungulia zizi la mwenzake badala ya kulisha lake. Baba yako alipomsifu Muzdalifa, Kwandu, alikupunguzia nini?"

Kwandu alifikiri. "Hakunipunguzia kitu, Bibi."

"Haya. Sifa ya mwenzio haitoki mfukoni mwako. Na ukiona kosa, hasa lako, liseme likiwa bado dogo, kabla halijamliza mtu. Kuleni sasa."

Kwandu alichukua kipande kikubwa kuliko vyote, akakigeuza mkononi, akampa Muzdalifa. Kisha akamwomba amfundishe, hatua kwa hatua, namna ya kuweka neno la siri.