Kadi ya Heberto Rincón

Jumapili hiyo jiji la Maracaibo liliamka na joto lake la kawaida. Jirani yetu Eudomar Bracho alinunua arepa, vile vimkate vya mahindi, za jibini akampelekea Bibi Ismenia, dada wa marehemu Heberto Rincón. Hakumpelekea kwa huruma. Alitaka kadi yenye picha ya marehemu.

Wazee wa mtaa wetu hawajaacha kumsimulia Heberto. Katika besiboli hakukuwa na mrushaji kama yeye. Mpira wake ulimwendea mpigaji moja kwa moja, kisha ukadondoka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi, na mpigaji akabaki kupiga upepo. Eudomar alikuwa na kadi za zamani za timu nzima ya Heberto, kasoro ya Heberto mwenyewe tu. Enzi hizo watoto walizibandika kwenye albamu kwa gundi ya unga, na ya Heberto iliyobaki nzima ilikuwa moja tu, kwa Ismenia.

"Mtazame mpaka uchoke, mwanangu," bibi alisema akifungua albamu. "Msifu. Ila usimbandue. Alipokufa, mkono wake haukutulia. Hata jenezani ulitafuta mpira. Nilipombandika hapo ndipo ulipolala."

"Mimi na kubandua wapi na wapi, bibi?"

Bibi alipoingia jikoni kuchemsha kahawa, Eudomar akalichana jani lote la albamu lenye kadi ile.

"Umechana nini?" bibi aliuliza kutoka jikoni.

"Mfuko wa arepa, bibi."

Macho ya bibi yalikuwa na ukungu. Alirudi, akaipapasa albamu. Kahawa ikafurika jikoni, hakwenda kuiepua.

Nyumbani, mkewe Nélida aliliona lile jani.

"Mwizi mkubwa wewe. Umemwachia nini?"

"Arepa," Eudomar alicheka. "Yule haoni. Picha ya nini kwake?"

Akaliloweka jani kwenye karai la maji ya uvuguvugu. Redioni mechi ilikuwa inaendelea. Gundi ikaanza kulainika. Akapenyeza kiganja chini ya kadi, taratibu, kama alivyozoea.

Kadi haikutoka.

Maji yalikuwa yameshapoa. Chini ya kadi kulikuwa na joto. Kitu kikamgusa kiganja. Kikakishika. Kidole baada ya kidole.

"Nélida," alinong'ona.

"Nini?"

"Ananishika."

Akavuta kwa nguvu. Kadi ikabanduka. Maji hayakuwa na damu hata tone.

Eudomar akageuza mkono. Kiganja kilikuwa laini kama yai. Hakikuwa na mstari hata mmoja. Kovu la kukatwa na kopo la dagaa, alilolipata utotoni, halikuwepo.

Tangu hapo mkono ule haushiki kitu. Kijiko huteleza. Kadi zake huteleza, zinatapakaa sakafuni. Wiki iliyofuata, ule wa kushoto nao ukawa laini. Akaenda na Nélida kwa Ismenia, akapiga magoti mlangoni.

"Tumekurudishia, bibi. Nélida, mpe."

"Mkeo hakuichukua," bibi alisema. "Nipe wewe. Kwa mkono wako."

Alijaribu. Kadi ikaanguka. Akajaribu tena, na tena, analia, mpaka bibi akachoka kusikiliza. Mlango ukafungwa.

Nyumbani, Nélida aliianika kadi dirishani, uso chini. Mgongoni, palipokuwa na gundi, palikuwa na mistari ya kiganja cha mtu. Katikati palikuwa na kovu la kopo.

Asubuhi kiganja kile kilikuwa wazi, vidole vimenyooka. Jioni, alipokwenda kuianua, vidole vilikuwa vimejikunja, kama vimeshika mpira.