Mkia wa Jumatatu

"Soma! Soma kwa sauti, dada yako asikie!"

Shemeji alinitupia barua usoni. Barua ya kufukuzwa kazi...

Nyuma ya hiyo barua walikuwa wamebana karatasi kumi na nne, nakala za daftari. Nikaziokota.

Mwandiko ulikuwa wangu!

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni, mimba ya miezi minane, mkono kiunoni. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu.

"Mdogo wangu, umemuuza mume wangu?"

Jamani, kabla hamjanitukana kwenye komenti, nisikilizeni kwanza. Mkimaliza mnitukane vizuri.

Nafanya kazi kiwanda cha magodoro, upande wa kufunga mizigo. Shemeji nilimwombea kazi mimi mwenyewe, akawekwa kwenye mashine ya kukata sponji. Kazini wananiita Refa, kwa sababu mimi ndiye niliyeanzisha ligi ya kutabiri mpira.

Hela haikuwepo, ilikuwa sifa tu. Kila Ijumaa unanitumia meseji ya matokeo unayotabiri kwa mechi za wikiendi, mimi naandika kwenye daftari. Mkilingana pointi, aliyetuma mapema anakaa juu. Ndiyo maana niliandika na saa, mpaka dakika!

Jumatatu, wa kwanza anakula chakula cha mchana amekaa juu ya godoro jipya kama sultani. Wa mwisho anafungwa kamba ya magodoro nyuma ya kiuno, inaning'inia mpaka magotini, na anashinda nayo kutwa.

Mkia.

Na kila wiki mkia ulikuwa wa mtu mmoja... Mama Stoo.

Huyu mama anatunza stoo, mpira haujui, maneno hana. Nilimlazimisha kuingia. Kila mechi alitabiri sare ya bao moja moja, basi. Wiki kumi na nne mfululizo akashika mkia.

"Mama Stoo, tingisha basi!"

Watu wanacheka mpaka machozi. Mimi nilicheka kuliko wote, na nilikuwa na sababu yangu. Msimamizi wetu alikuwa anastaafu, na majina yaliyotajwa yalikuwa mawili tu: langu na la Mama Stoo.

Jumatatu ya mwisho alinifuata, kamba mkononi.

"Refa, nakuomba, leo nisamehe. Mama mkwe wangu anapita hapa kuchukua ufunguo."

"Sheria ni sheria, Mama Stoo."

"Nitaivaa kesho, siku nzima. Na keshokutwa."

"Geuka nikufunge."

Mama mkwe akaja. Akamkuta mke wa mwanawe ana mkia, watu wanapiga miluzi! Yule bibi alichukua ufunguo, akaondoka. Mama Stoo akajifungia stoo.

Mimi? Nilienda kula.

Sasa sikieni ujinga wangu. Kesho yake nikapeleka daftari kwa meneja. Kwa miguu yangu miwili!

"Bosi, mwangalie huyu mnayetaka awe msimamizi. Wiki kumi na nne, wa mwisho! Mtu anashindwa hata kubahatisha mechi, ataongoza watu?"

Meneja akafunua kurasa taratibu. Nikaona kidole chake hakiko kwenye pointi. Kiko kwenye saa...

"Hii saa nne na dakika kumi na mbili, ni ya asubuhi?"

"Ndiyo, bosi!" Nilijibu kwa maringo kabisa. "Daftari langu halikosei hata dakika."

"Saa hizo huyu shemeji yako si anakuwa kwenye mashine ya kukata?"

Nikanyoosha mkono nilichukue daftari langu.

Kiwandani kwetu simu ni marufuku wakati wa kazi. Mwaka juzi kisu cha sponji kilimla mtu vidole viwili, anasoma meseji. Tangu siku hiyo, ukikamatwa na simu, kazi huna. Sote tulisaini.

"Liache hapa," meneja alisema. "Umenisaidia sana."

Watu wanane saa zao zilikuwa za kazini, na shemeji yumo kila wiki. Wa tisa ni mimi, niliyekuwa nazipokea hizo meseji. Aliyekuwa safi ni mmoja tu. Mama Stoo alikuwa anatuma zake alfajiri, bado yuko kwake.

Ijumaa barua zikatoka. Zilikuwa nane. Yangu haikuwepo! Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, bosi kanikingia kifua.

Ndiyo jioni ile, nyumbani kwao, shemeji akanitupia barua.

"Kama hukutuuza, mbona umebaki peke yako?"

Nikamgeukia dada. Dada akafungua mlango.

"Toka. Na mtoto akizaliwa, usije."

Jumatatu nilikwenda mbio kwa meneja.

"Bosi, kwa nini mimi nimebaki?"

"Muulize msimamizi mpya. Nilimruhusu amwombee mtu mmoja tu. Akakuombea wewe."

Mama Stoo alikuwa kwenye meza ya msimamizi, anapanga zamu.

"Mama, asante... lakini si ungemwombea shemeji? Mke wake ni mjamzito!"

"Najua. Ningemwombea yeye, wewe ungefukuzwa, dada yako angekuonea huruma. Mngelia pamoja, yakaisha."

Akainua macho.

"Mama mkwe wangu hajakanyaga kwangu tangu siku ile, Refa. Nikaona na wewe ubaki na kazi yako."

Nikapiga magoti.

"Nihamishe basi nitoke kiwanda hiki, mama. Nakuomba..."

"Sheria ni sheria. Mashine ya shemeji yako haina mtu. Nenda kakate sponji."

Aproni ya shemeji bado ilikuwa inaning'inia pale kwenye mashine. Nikaivaa.

Hakuna aliyenifunga kamba, ndugu zangu. Ila nikiingia kula, meza nzima inanyanyuka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wewe unayeichekesha ofisi nzima kwa aibu ya mtu mmoja, mwombe radhi leo, kabla hajapewa kalamu.

Dada kajifungua juzi, mtoto wa kiume. Kaniblok, picha nimeonyeshwa na jirani. Chini yake mtu aliandika, "Kafanana na mjomba wake!"

Jioni nikaomba nitazame tena. Picha ipo... ile komenti dada ameifuta.